Mzee wa Nyumba Mbili

Mume wangu Abdulrazak ana wake wawili na, kwa hesabu yangu, magoti manne. Mawili huyaleta kwangu, mtaa wa Xiaobei, yamekakamaa na yanalia kila akiinuka. Mawili mengine hukaa mtaa wa Sanyuanli kwa mke mwenzangu Zulekha, na hayo sijasikia kwamba yaliwahi kuuma. Jambo hili nililijua kabla ya daktari yeyote, nikalinyamazia. Kunyamaza si uongo mpaka mtu aulizwe, na mimi sikuwa nimeulizwa.

Mimi ni Maulida, mke mkubwa. Nilitoka Unguja kuja huku kwa Wachina na mume wangu, nywele zake zikiwa bado nyeusi. Tukaanza kwa kununua nguo kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian, kisha tukafungua ofisi ndogo ya kago, na Kichina cha sokoni nilikijua kabla yake. Zulekha alikuja baadaye. Ni mtu wa Kariakoo, mnunuzi wa magauni. Aliingia ofisini kwetu kusafirisha marobota yake, akatoka na mume wangu. Shehe aliwaozesha katika mkahawa mmoja wa Dengfeng, nami nikaletewa sinia la biriani mpaka mlangoni. Nilimpa jirani. Mpaka leo sijui kama lilikuwa na chumvi.

Tangu hapo tunaishi kwa zamu, siku mbili kwangu, siku mbili kwake, kama dini inavyotaka. Nyumba yangu iko juu lakini ina lifti. Ya Zulekha iko ghorofa ya sita katika jengo la zamani lisilo na lifti, na niliposikia hivyo mara ya kwanza nilishukuru. Mume wangu keshapita sabini. Nikasema, huyu atapanda ngazi hizo mwezi mmoja, miwili, kisha magoti yake yatanifanyia kazi ambayo ulimi wangu haukuiweza.

Na mimi nikaongeza juhudi upande wangu. Nimelelewa na bibi ambaye babu akirudi alimkuta na birika la maji ya kunawa mkononi na taulo begani. Kwetu mume wa heshima hainami kutafuta kiatu. Kwa hiyo akiwa kwangu nilimtia maji ya moto ndoo, nikamsugua mgongo, nikamvisha shati na kumfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, nikamvisha soksi. Samaki nilimtolea miiba mimi. Dawa zake za presha nilimtilia kiganjani na glasi ya maji nikamshikia. Simu za wateja nilipokea mimi, hesabu za mizigo nilifanya mimi, yeye nikamwambia apumzike. Nilitaka akifika Sanyuanli aone tofauti. Zulekha hajui hata ukubwa wa miguu yake. Nilisikia kwamba kule huachiwa amenye vitunguu, mtu mzima yule, na nikaona basi, mwisho wake umekaribia.

Siku aliyoanguka ilikuwa ya kubadilisha zamu. Siku hizo mimi hupika kuliko siku zote, ili aende kwa mwenzangu ameshiba na vya kule avione vya kawaida. Asubuhi nilimvisha, nikamkalisha kwenye kochi mbele ya televisheni, nikashuka kutafuta samaki. Niliporudi kochi lilikuwa tupu. Nilimkuta jikoni, chini, birika limelala pembeni yake na maji yametapakaa, mguu mmoja umegeuka nje vibaya. Alikuwa ameinuka kujipikia chai. Miguuni alikuwa na zile soksi nene za sufi nilizomvisha mimi, na sakafu yangu ni ya vigae. Soksi nazitaja kwa sababu daktari naye alizitaja.

Nilimwita Jaffari, jirani yetu mwenye kibanda cha simu pale chini, akapiga simu, gari la wagonjwa likaja. Hospitali tulipokelewa upande wa dharura, akapigwa picha, na picha ikasema nyonga imevunjika. Hapo Kichina changu kikaisha. Mimi najua kumwambia laoban, mwenye duka, kwamba bei yake kali na kumjibu meiyou, hakuna, akitaka nimuongeze. Mifupa sijawahi kuinunua. Jaffari akampigia Domina, binti wa Bukoba anayesoma udaktari hapa kwa ufadhili, karibu anamaliza, na kwa bahati siku hiyo hakuwa na zamu ya wodini. Akaja na koti lake jeupe kwenye mfuko, akalivaa mlangoni.

Daktari aliyekuja ni mwanamke mfupi, Daktari Liang. Nilidhani ataizungumzia nyonga. Badala yake alivuta kiti akakaa, akauliza mzee huyu wiki mbili zilizopita alikuwaje. Nikamwambia Domina amjibu kwamba wiki mbili zilizopita hakuwa ameanguka. Domina akanieleza taratibu. Leo mzee ana maumivu na mawazo yamevurugika, kwa hiyo ukimtazama leo utamwona hajiwezi, na kila mzee aliyevunjika nyonga anaonekana hajiwezi. Wao wanataka kumjua yule wa kabla. Wataniuliza mimi mambo anayoyafanya mwenyewe na yale anayosaidiwa, kisha watampima yeye akili, na huko ndiko watakapojua pa kuanzia.

Lilikuwa swali la kunifurahisha, sitaficha. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza ninamfanyia nini mume wangu.

Akauliza, anaoga mwenyewe? Nikasema namwogesha mimi. Anavaa mwenyewe? Namvisha mimi. Vifungo? Mimi. Anakula mwenyewe? Nikafikiria ile miiba, nikasema anasaidiwa. Chooni? Nikasema namngojea mlangoni na taulo. Dawa? Mimi. Simu, fedha, safari za mjini? Vyote mimi. Kutembea je, na ngazi? Nikasema magoti yake hayafai, nyumbani anatoka kwenye kochi kwenda kitandani na lifti ndiyo inayomshusha. Daktari alikuwa akiandika, na kila alivyoandika nilijiona naongezeka kimo. Nilitamani Zulekha awepo asikie.

Kisha wakaja kwenye akili. Daktari Liang alimwinamia mume wangu, Domina akatafsiri. Hapa ni wapi? Akasema ni Malindi ya Unguja, ofisi ya forodha. Mwaka gani? Hakuujua. Akatajiwa vitu vitatu avishike kichwani, ndizi, kiti na kofia, akaambiwa ataulizwa baadaye. Akaambiwa ataje miezi kwa kurudi nyuma; akaanza Desemba, Novemba, akapotea, akaanza kuhesabu marobota. Alipoulizwa vile vitu vitatu, hakuwa nacho hata kimoja. Daktari akataka kujua kama usahaulifu huu ni wa leo au ni wa zamani.

Nikasema ni wa zamani. Anasahau mchele nikimtuma. Ameisahau siku ya harusi yetu mwaka juzi na mwaka jana. Mara mbili amesahau kwamba zamu ni yangu.

Domina akaacha kutafsiri. Akaniuliza kama kwenye zamu alisahau au alichelewa tu.

Nikamwambia akishaolewa atajua kwamba ni kitu kimoja.

Hapo ndipo simu ya mume wangu ikalia mfukoni mwangu. Ilikuwa Zulekha. Zamu yake ilikuwa imeingia na mume hajafika. Nilitaka kuikata, lakini kidole kikawahi, na nikiisha kuipokea ningesema nini? Nikamwambia ameanguka, tupo hospitali, usiwe na haraka. Alikuja kabla sijamaliza chupa ya maji niliyonunua. Alikuwa amevaa dera la nyumbani na kandambili tofauti, moja ya bluu na moja ya kijani, na bado alikuwa mzuri. Hata hilo liliniudhi.

Alimshika mume wetu uso kwa mikono miwili mbele ya watu. Kisha akamgeukia Domina, akauliza kinaulizwa nini, Domina akamweleza. Zulekha akajibu bila kunitazama. Mzee anaoga mwenyewe, na maji hayataki ya moto. Anavaa mwenyewe. Anashuka asubuhi kununua mkate na maziwa, anapanda navyo. Dumu la maji ya kunywa analibeba yeye, Zulekha hawezi. Chai anapika yeye. Fulana zake anafua yeye, anazianika kwenye kibaraza, anazikunja. Marobota yakija, anapiga hesabu ya nafasi yatakayochukua kwenye kontena kwa kichwa tu, na hajakosea. Jioni wanacheza karata na huwa anamfunga.

Kila jambo alilolitaja lilinichoma mahali pake. Karata hatujawahi kucheza. Na mkate! Kwangu hajawahi kuninunulia hata kiberiti. Nilisimama pale nikisikia habari za mwanamume mwingine kabisa, kijana, mchangamfu, mwenye kunyanyua vitu, na mwanamume huyo alikuwa akiishi na mume wangu katika shati moja. Sijui nani ana wivu wa kutosha kwa jambo kama lile. Mimi nilikuwa nao na ukazidi.

Nikasema Zulekha ni mwongo. Nikasema anamtumikisha mzee wa watu halafu anakuja kujisifu. Naye akasema mimi ndiye ninayemfunga kama mtoto kwenye mbeleko. Manesi wakatugeukia.

Daktari Liang alitutazama mmoja mmoja, akasema neno kwa Domina. Domina akalitafsiri huku ameinamisha macho.

"Daktari anauliza kama mnazungumza habari za mtu mmoja."

Domina akamweleza daktari mambo ya zamu, na nikaona nyusi za yule mama zikipanda. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwao kuna mazoea, majibu yakigongana hutegemewa jibu la mtu anayeishi na mgonjwa na aliyemo kwenye karatasi zake. Kwenye karatasi za visa nimo mimi. Zulekha ana visa yake mwenyewe ya biashara; kwa serikali ya hapa ni mteja wetu wa kago na basi. Kwa hiyo jibu lililobaki lilikuwa langu.

Domina akanishika mkono, akanivuta kando karibu na mashine ya maji.

"Mama, naomba unisikilize vizuri," akasema. "Kama kabla ya leo alikuwa mtu wa kujitegemea, watamfanyia operesheni haraka, kesho asubuhi kama moyo unaruhusu, na wiki hiihii watamsimamisha. Kuvurugika huku kutakuwa ni kwa maumivu tu, kutapita. Lakini kama alikuwa hajiwezi na akili ilikuwa imeshaondoka, kisu kwake kina hatari kuliko faida. Watamtuliza maumivu, watampa dawa, na utaondoka naye akiwa wa kitandani. Si jibu lako peke yake linaloamua, ila lina uzito. Sema lililo kweli."

Aliniacha hapo nifikirie, akarudi kwa mgonjwa.

Nilifikiri, na nitasema nilichofikiri kama kilivyokuwa. Niliona chumba changu. Niliona kitanda kimesogezwa dirishani, mashuka meupe, mto wa pili chini ya mguu. Niliona lifti inamleta kwangu mara moja na haimshushi tena. Ghorofa ya sita, bila lifti, nani atambeba mpaka huko? Zamu zingekufa zenyewe, bila talaka, bila mimi kusema neno, na shehe mwenyewe angesema huyu ni mgonjwa, akae alipo. Zulekha angekuja kumtazama Ijumaa, angekaa kwenye kiti changu, angekunywa chai niliyoipika mimi, angeondoka. Na mume wangu angekuwa wangu kama zamani, bali zaidi ya zamani, kwa sababu zamani alikuwa na miguu.

Na sikuhitaji kudanganya. Yote niliyomwambia daktari ni kweli. Kwangu hafungi kifungo. Nani angenilaumu?

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimemwona. Kabla ya hapo, siku ya zamu ya Zulekha, nilikwenda Sanyuanli kwenye ofisi ya usafirishaji kufuatilia mzigo uliokwama. Nilikuwa natoka nilipoona mgongo ninaoujua. Amejitwisha mfuko wa mchele begani, fimbo anayotembelea akiwa kwangu hana, anakatisha uchochoro kwa mwendo wa mtu anayengojewa. Nikamfuata. Akaingia kwenye jengo, nami nikasimama chini ya ngazi, nikazisikiliza nyayo. Zilipanda bila kupumzika. Alikuwa akipiga mluzi. Juu kabisa mlango ukafunguka, nikasikia kicheko cha Zulekha, kisha cha mume wangu, na mlango ukafungwa. Kesho yake usiku alilala kwangu na asubuhi akanyoosha mguu, akaguna, "Magoti, Maulida," na mimi nikapiga magoti yangu nikamvisha soksi. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilishatazama kwa kutosha.

Niliporudi kitandani kwake, Domina na Zulekha walikuwa upande wa pili na daktari, wakionyeshwa picha ya nyonga. Mume wangu alikuwa anajitahidi na shati lake. Manesi walikuwa wamelifungua kumpima moyo na kumwachia kifua wazi, na vidole vyake vilikuwa vimekishika kifungo cha chini na kukiingiza tunduni. Kikaingia. Akahamia cha pili. Mikono yangu ilikwenda yenyewe kumsaidia. Akainua macho, akanitazama usoni kwa karibu sana, akanishika kidole.

"Zulekha," akasema.

Nikainama nimsikie.

"Usimwambie Maulida kama nimeanguka."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, kwa nini.

"Atanilaza," akasema. "Ana huruma nyingi, yule. Nikilala kwake siinuki tena."

Kisha akaniachia kidole, akarudi kwenye kifungo chake.

Watu husema wivu ni moto. Huo wa kwangu wakati ule ulikuwa baridi, ulinianzia miguuni. Si kwamba aliniita jina la mwenzangu. Mtu mwenye homa na maumivu humwita hata marehemu. Ni kwamba alikuwa akiniogopa, na alikuwa akiniteta mbele yangu mwenyewe. Nilitaka kumwambia, mimi ndiye Maulida, na nimekusikia. Nilitaka aone haya. Nikamtazama akihangaika na kifungo cha tatu, ulimi nje kidogo kama mtoto anayeandika, na haya hakuwa nayo, alikuwa na shughuli. Nikarudisha mikono yangu, nikaifungia kifuani chini ya mtandio.

Nikazunguka kitanda mpaka walipokuwa. Zulekha alijikaza akidhani nimekuja kwa ugomvi, na nilikuwa nimekuja nao kweli, ila sikujua niuelekeze kwa nani.

"Domina," nikasema, "mwambie daktari afute niliyosema. Anapanda ngazi. Ghorofa ya sita, na mfuko wa mchele begani, na hapumziki. Nimemwona kwa macho yangu. Akili yake ni nzima kuliko yangu. Vifungo namfunga kwa sababu nataka, si kwa sababu hawezi."

Domina alitafsiri yote, nadhani. Daktari Liang akaniuliza kama nina hakika, na kwa hilo sikumngojea Domina. Nikaitika kwa kichwa. Akakata mistari kwenye karatasi yake, akaandika upya, akaenda kupiga simu kwa wapasuaji. Alipopita miguuni pa kitanda alizivua zile soksi za sufi, akanikabidhi, na akasema kitu ambacho Domina alikipunguza makali: kwenye vigae, miguu mitupu au kandambili zenye mpira.

Zulekha alikuwa ameniduwalia.

"Kumbe ulikuwa unajua, Da Maulida?"

"Najua mpaka duka unalonunua mchele," nikamwambia. "Na ni mbovu."

Moyo uliruhusu na operesheni ikafanyika. Kuvurugika kulipita kama Domina alivyosema, akaamka akiuliza mzigo wa Mombasa umetoka au bado. Miezi aliitaja kwa kurudi nyuma bila kukwama, akataka na vile vitu vitatu atajiwe upya, maana aliona ameonewa. Alilolisema siku ile halikumbuki. Au analikumbuka na anafanya busara. Nilimchunguza sana usoni na sikupata jibu.

Ila nilimuuliza moja, tulipobaki wawili. Nilimuuliza kwa nini kule aweze hata kufua, na kwangu ashindwe na soksi. Niliuliza kwa upole, upole wangu mimi.

Alifikiri, akasema, "Ulikuwa unanivisha kabla sijainama." Kisha, alipoona uso wangu, akaongeza kwamba ilikuwa ikimpendeza kuniona nimeridhika. Hilo la pili lilikuwa la kunibembeleza na nililipokea hivyo hivyo, pamoja na hasira.

Kazi ya kumsimamisha alipewa bwana mmoja mnene, mtaalamu wa viungo, ambaye kwa wageni hujiita Tony. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa juu yangu: mama mkubwa akae kwenye kiti na mikono mapajani. Mzee atajivisha, atajifungia, atajitilia dawa mdomoni mwenyewe, hata akichukua asubuhi nzima. Nilikaa. Sijapata kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kazi. Mara mbili alikikosea kifungo, shati likapanda upande, na kila nilipoinuka Tony alinionyesha kiti. Zulekha alikuwa akitazama dirishani ili nisione anacheka.

Siku moja Domina alikuja na Tony, na Tony akamuuliza mume wangu jambo ambalo huwauliza wote. Akasema mazoezi bila shabaha huchosha. Achague kitu kimoja anachotaka kuweza kukifanya atakapotoka hapa, na watakifanyia kazi hicho.

Tulikuwepo wote wawili, mimi kulia, Zulekha kushoto. Mume wangu alinitazama mimi kwanza. Ana akili sana, na niliona akitafuta jibu lingine, kwenda msikitini kwa mfano, au ofisini. Akatazama blanketi.

"Ngazi," akasema. "Nataka kupanda ngazi."

Domina akatafsiri. Tony akafurahi, akasema ni shabaha nzuri, ataanza naye mara moja. Kwangu kuna lifti.

Chumba cha mazoezi kina ngazi za mbao, chache, zinapanda mpaka kwenye jukwaa dogo na haziendi popote. Tony alimfunga mume wangu mkanda mpana kiunoni. Akaeleza kwamba mguu mzima ndio unaotangulia kupanda, mbovu unafuata, mkono kwenye reli. Lazima mtu asimame nyuma yake, ngazi moja chini, ameshika mkanda, kwa sababu anayepanda akiteleza huja nyuma. Na mtu mmoja asimame juu, ili mzee awe na pa kutazama, asiitazame miguu yake. Akatutazama, akapima mabega yetu kwa macho. Akamweka Zulekha juu. Mimi akaniweka chini, akaniambia kwa ishara kwamba mimi ndiye mwenye mikono.

Mume wangu akapanda ngazi ya kwanza, akasimama ahemee. Shingo yake ilikuwa na jasho na kola ya shati ilikuwa imekunjika ndani upande mmoja. Aliifunga mwenyewe. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye mkanda na mwingine haukuwa na kazi, na ile kola ilikuwa mbele ya pua yangu. Sikuigusa. Nilingoja ageuke anitazame, hata kidogo tu. Alikuwa akimtazama aliye juu, na aliye juu, kwa mara ya kwanza, hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akinitazama mimi, na nikakwepesha macho kwa sababu shukrani za mke mwenza sijui mtu huziweka wapi.

"Magoti, Maulida," akaguna mume wangu.

"Magoti hayana kitu," nikamwambia. "Panda."

Akainua mguu mzima. Uzito wake wote ukanijia mkononi, nikakaza mkanda, nikaegemeza bega langu mgongoni mwake, nikamsukuma juu kwa mke mwenzangu.